Pedi za Mbele

Mbwarali wa spea ameniwekea boksi tatu kaunta.
La kwanza jeusi, bei ya kuku wawili.
"Hilo usichukue," asema,
na bado ameliweka.

La pili jekundu, la mashindano.
Nalipindua, nalisoma kama barua ya posa:
pedi hizi hustahimili moto wa tanuri,
hazichoki, hazitelezi.
Gari langu pale nje, lile la taboo,
lanitazama kwa tundu la boneti.

Nzaro fundi, grisi hadi viwikoni, hacheki.
"Hizo hazing'ati mpaka zichemke.
Wewe asubuhi wachemka wapi?
Msabaha hadi hospitali, matuta na mbuzi?"

Kweli.
Jumatatu na Alhamisi nampeleka mama kusafishwa damu,
mto wa sufi nyuma ya kiuno chake,
na pale karibu na shule
kuna mtoto hufuata mpira kabla ya kuangalia.
Breki ya kwanza ya siku ndiyo breki.
Zilizobaki ni majigambo.

Nimechukua la tatu. Seramiki.
Halina mlio, halina vumbi la kuchafua rimu,
halina cha kumsimulia mtu.

Kesho alfajiri nitazizoesha njia ya Sabaki:
themanini, ishirini, themanini, ishirini,
bila kusimama kabisa, alivyoagiza Nzaro,
hadi zinuke.

Mama ameuliza nimenunua nini kwa pesa zote zile.
Nimemwambia, kusimama.