Kiatu Kwenye Kanda ya Kumi na Nane

Desemba hapa Kivikoski jua halitoki kabisa.
Saa sita mchana taa za barabarani zinawaka,
theluji imelifunika sanduku la posta hadi kifuani,
na Tauno anabisha hodi kwa teke
maana mikono yote miwili imebeba deki.

Deki ni yake, kanda ni zangu.
Kichwa cha mashine tunakisafisha kwa spiriti na pamba,
kimyakimya, kama wakunga.

Kanda kumi na nane, msimu mmoja.
Osmo mfamasia alirekodi zote akiwa juu ya paa la gari lake,
na mwandiko wake wa dawa bado uko ubavuni:
Mechi ya kwanza. Mvua. Sifuri–tatu.
Ndiyo, tulianza hivyo. Kichapo cha mbwa koko.
Tunaitazama yote, haturuki hata mpira wa kurusha.
Ng'ombe huliwa mzima, asema Tauno,
na mkia ndio huu.

Ajabu ya kanda zile ni mwanga.
Juni, saa nne za usiku, uwanja mweupe kama maziwa,
mbu wanakatiza mbele ya lenzi, wakubwa kama kunguru,
na bomba la kiwanda cha karatasi,
lile waliloliangusha kwa baruti,
bado linavuta sigara yake nyuma ya goli.
Veikko ana nywele.
Kaisu anauza soseji huku akimtukania mshika kibendera mama yake,
tena kwa jina, maana mama mtu anamjua.

Kanda ya saba, dakika ya sitini na tatu,
Tauno husimama. "Moto unataka kuni," husema.
Jiko limeshiba kuni.
Kwenye kioo mpira mwepesi, mpira wa mtoto,
unampita kipa Tauno katikati ya miguu
na kuingia wavuni polepole
kama mgeni mwenye haya.
Mechi ile tulishinda, nne kwa moja.
Ana miaka sitini na minane, ana medali kabatini,
na bado hutoka nje kwenye baridi akahesabu magogo
mpaka nimgongee dirisha.

Mjukuu wangu Venla ana swali moja tu:
"Wewe uko wapi, babu?"
Ngoja, namwambia. Kanda ya kumi na moja.
Ninatokea kando ya mstari, jezi kumi na nne,
nikirukaruka kupasha misuli,
sekunde nne,
kisha Osmo anageuza kamera kuufuata mpira.
"Uliingia?"
Sikuingia.
Nilipasha misuli msimu mzima;
kaskazini yote ya Ufini
hapakuwa na misuli yenye joto kama yangu.

Halafu ya mwisho. Moja kwa moja, dakika za nyongeza, kona.
Tunajua. Tumejua kwa miaka arobaini,
na bado Tauno ananishika mkono
kama mtu anayeshuka ngazi yenye barafu.
Mpira unapaa, Veikko anaruka na nywele zake zote,
na Osmo, Mungu amrehemu,
anapiga ukelele na kuitupa kamera.

Goli halimo.
Yamo majani, yamelala ubavu,
sauti ya mji mzima ukilia,
na kiatu kimoja kinachokatiza mbio, karibu mno,
kamba imefunguka.

Tauno husimamisha picha hapo.
Ni cha Veikko, husema. Hapana, cha Eerikki.
Mwaka juzi kilikuwa cha refa.
Picha inatetemeka, chengachenga zinaipitia kama theluji.
Mimi namimina kahawa.

Venla anakitazama kiatu,
anaitazama miguu yangu chini ya meza,
anarudi kwenye kiatu.
"Babu," anaanza,
nami namkatia kipande kikubwa
cha mkate wa iliki.