Usitikisike

Kutwa nzima, kibandani Nyawera,
nawaambia watu: usitikisike.
Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke,
serikali haitaki meno.
Picha nne, franka elfu tatu, shuka jeupe nyuma,
na kila uso unaganda kama ugali wa jana.

Saa kumi na moja nafunga, nashuka La Botte.
Kwetu Bukavu jua halizami majini,
linazama nyuma ya mabati ya Kadutu,
moshi wa makaa unalipokea.
Ziwa naligeuzia mgongo.
Nangoja yangeyange.

Ndege hajui amri.
Mwaka mzima nimerudi nyumbani na mbingu tupu:
mkia unaotorokea pembeni,
waya wa umeme usio na umeme,
doa la kitu kilichokuwepo.
Kamera yangu imepita mikono mitatu, ina mkwaruzo jichoni,
nayo hufikiri kwanza kabla ya kubofya.
Basi nimejifunza kutompiga ndege alipo.
Nampiga atakapokuwa.
Miguu naiachia ardhi, kiuno ndicho kizunguke,
pumzi naitoa kidogokidogo
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Leo walikuja saba, kutoka upande wa Ruzizi.
Huku chini giza lilishaingia,
wachuuzi wamewasha tochi za simu juu ya sambaza;
kule juu kwao ilikuwa bado saa kumi na mbili kasoro,
matumbo yakiwaka rangi ya mawese.
Nikageuka nao. Nikabofya.
Kamera ikasema: kadi imejaa.

Nikachuchumaa, nitafute cha kufuta.
Nsimire wa asubuhi, picha ya pasi, mara tano.
Ya tano ndiyo itakayopigwa muhuri mpakani,
ameshaichukua, ameiviringisha ndani ya leso. Futa.
Ya nne, futa. Ya tatu. Ya pili.
Ya kwanza, mtoto alimpigia chafya mgongoni,
akacheka:
uso umevutika upande mmoja, jicho limebaki mstari,
kilemba kinaponyoka, ncha yake imetawanyika hewani
nyeupe, haina ukingo.
Nilimwambia asubuhi, mama, hii imeharibika.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Yangeyange wa mwisho alipita, peke yake, hana haraka,
chini kabisa, nikasikia mabawa.

Nikazima kamera.