Pishi Mia Tatu

Kijiji chetu ni Maziwa Ng'ombe,
na mwaka huu jina lilitukejeli:
ng'ombe wa Kombo Hamad alilamba jiwe la kisima
akarudi zizini na vumbi puani.

Masika yalikuja siku nne.
Nazihesabu kwa mkono mmoja
na kidole kinabaki.
Tukapanda mbio, mahindi, na choroko baina ya mistari,
katika vishimo vya udongo,
maana uwanda huu ni mawe yaliyokopa udongo,
si udongo wenye mawe.

Yakachipua. Hilo ndilo lililotuponza.
Yangefia chini tusingeyapenda.
Mahindi yaliota ndevu yangali magotini,
kama kijana aliyezeeshwa na kazi.
Choroko zilikunja majani kila adhuhuri,
jioni zikayakunjua,
hata jioni moja hazikuyakunjua.

Bwana shamba alikuja na pikipiki kutoka Wete.
Akavuta futi yake, akamenya hindi moja,
akahesabu punje: thelathini na mbili.
Nikamwuliza, umeandika nini?
"Mavuno hafifu kiasi."
Baba akamwomba alirudie lile "kiasi",
apate kujua pa kulitia.

Kazi ya siku tisa tuliimaliza kabla ya jua kupanda.
Mabua yalilia kama karatasi.
Ndani ya maganda mengine hamkuwa na kitu,
gunzi tu, jeupe, lililojiandaa kupokea wageni
wasiofika.

Uani, baba akaitoa pishi ya mti,
ile ya babu, yenye ufa uliozibwa kwa nta.
Miaka mingine hupima ya tele,
punje zikimwagika kuku wakafaidi.
Leo alipima ya mfuto,
akifuta mdomo wa pishi kwa kiganja,
taratibu, kama mtu afutaye machozi ya mwingine.
Mimi nikishika daftari.
Mahindi: arobaini na moja.
Choroko: kumi na moja, na kibaba.

"Zaka huanzia pishi mia tatu," akasema,
"na choroko hazijumlishwi na mahindi."
Nilikuwa nayajua hayo tangu chuoni.
Kilichomwagiliwa na mbingu, fungu la kumi.
Kilichomwagiliwa kwa ndoo, nusu yake.
Na hiki, baba, kilimwagiliwa na nani?
Sikuuliza. Alikuwa ameinama
kama mdaiwa, yeye ambaye mwaka huu
hadaiwi.

Bi Mize Bakari akabisha hodi.
Kila mwaka huja Ijumaa ya pili baada ya mavuno
na kikapu chake cha ukili mwekundu.
Baba akaingia ndani, eti anatafuta kofia.
Kofia ilikuwa kichwani.

Bi Mize akaketi kwenye jamvi, akavuta hindi
katika yale yaliyosalia, akalipukuchua kwa gumba.
"Shaame, toka. Sheria imekusamehe,
wanificha uso mie nimekuwa kadhi?"
Baba akatoka. Wakapukuchua pamoja,
hawakutaja mvua, hawakutaja Mungu ila kwa salamu,
wakazungumza bei ya mafuta ya taa
na mguu wa mkwe wake uliovimba.
Alipoondoka alibeba magunzi ya kuwashia moto.
"Mwaka huu mna kuni nyingi," akasema,
akacheka peke yake mpaka mlangoni.

Usiku nilisikia pishi ikigonga sakafu,
mara moja,
kisha mara ya pili,
kisha komeo la mlango.

Asubuhi nilipima upya, kwa kuwa daftari ni langu.
Arobaini kasoro moja.
Baba alikuwa ananoa jembe, kanipa mgongo,
jembe lisilo na kazi hadi vuli, kama vuli ipo.
Nikatia mate kwenye kifutio,
nikaifuta ile arobaini na moja
mpaka karatasi ikatoboka.