Mnunuzi wa Upupu

Mwaka ule mikorosho ilipokataa kuzaa,
Valabu wa Mingoyo alitangaza dukani kwake
kwamba ananunua upupu.

Hakuandika ubaoni. Alisema tu, akipima chumvi,
kama mtu anayeulizia bei ya kuku,
na kufika magharibi soko zima linacheka:
Mhindi kachanganyikiwa. Basi anunue na siafu.

Upupu. Ule ule uliopanda mikorosho yetu,
ukashika tawi, ukavuka ukashika la jirani,
ukaning'iniza maganda yake ya manyoya
rangi ya paka wa jikoni,
ukasubiri jua la Agosti na kaupepo kadogo tu.
Ule ule tuliompakia Mwalimu Nampunju kitini,
akafundisha Jiografia amesimama,
akijisugua mgongo kwenye ramani ya dunia
huko kwenye barafu za kaskazini.

Mimi na kaka yangu Chingwele tulikwenda.
Tulivaa magunia ya mbolea, tukatoboa matundu ya macho.
Mama alitufunga mikono kwa mifuko ya sukari,
akatupa majivu ndani ya kopo, akasema:
simameni upande upepo unakotoka.
Ndilo somo lote. Hakuongeza.

Hata hivyo tulirudi shingo zimevimba,
tunajikuna kwa magunzi, tunalia, tunacheka,
na kibaba kimoja na nusu cha mbegu
nyeusi, za kung'aa, kila moja na kijicho cheupe.

Valabu alizimimina kiganjani,
na hapo ndipo nilipouona mkono.
Mbegu zilikuwa zinaruka.
Kiganja kilicheza kama kifuniko cha sufuria
maji yanapoanza kuchemka.
Nikaelewa kwa nini watu walikuwa wamehamia duka la pili,
kwa nini Bi Somoe alisema mizani ya Valabu inakula sukari.
Haikula kitu. Ilitetemeka,
naye aliona heri aitwe mwizi kuliko mgonjwa.

"Kaucha," alisema. "Baba yangu alikuwa na kitabu."
Akazichemsha kwa maziwa ya ng'ombe, uani,
akazimenya moja moja kwa kucha,
akazianika kwenye sinia, akazitwanga.
Bibi yangu alikuja kuchungulia, mkono kiunoni.
"Maziwa!" akasema. "Sisi mwaka wa njaa
tulibadilisha maji mara saba ndipo tukala.
Aliyechoka mara ya tano alitapika hadi alfajiri."
Valabu aliacha kumenya.
Akamsogezea kigoda.

Alipona?
Nisikudanganye.
Kuna asubuhi mshale wa mizani ulitulia,
akanipimia robo ya sukari bila kumwaga chembe,
akanitazama kama mtoto
aliyefunga kamba za viatu peke yake.
Na kuna jioni chai ilimrukia shati.
Labda ni upupu. Labda ni maziwa.
Labda ni sisi, tulivyokuwa tunarudi dukani kila wiki
na kopo letu na shingo zetu zenye majivu.
Bibi alisema dawa haili kiapo.

Duka limebaki kuta. Valabu alikwenda kwa bintiye, Dar es Salaam,
mizani akamwachia mama, ambaye anawekea vitunguu.
Mimi sasa ni karani wa ghala. Napima korosho
kwa mashine ya namba nyekundu isiyojua aibu.

Juzi nilipita pale. Upupu umepanda hadi dirishani,
umeshika bawaba, umeshika nondo,
umeshika waya wa taa uliokatwa zamani,
na maganda yameiva, yamejaa tele.
Kijana mmoja alikuwa anakuja na panga,
katumwa kusafisha kiwanja, kifua wazi, anapiga mluzi.

Nikamwambia: ngoja kidogo, mwanangu.
Katafute gunia kwanza, na kopo.
Zile nyeusi usizitupe.
Halafu njoo usimame huku nilipo,
upande upepo unakotoka.