Kaseti Zisizo na Majalada

Nilizinunua Mlango Mmoja, kumi na moja kwa bei ya kandambili,
kwa mama aliyekuwa akiuza mashuka ya hospitali.
Hazina majalada. Hazina majina.
Kwa hiyo sijui ninampenda nani.

Najua tu kwamba yupo mmoja, mpiga piano,
ambaye mkono wake wa kushoto unatembea
kama mtu anayeshuka Mabatini usiku umeme umekatika:
anapapasa jiwe kwa kidole gumba,
analiamini,
ndipo analeta mguu wa pili.
Nimempa jina: Bwana Taratibu.
Yupo mwingine, upande wa pili wa ile nyekundu,
anamwaga noti kama dagaa kutoka kwenye ndoo.
Huyo simtaki. Ana vidole vingi na hana la kusema.
Mara tatu nimemjaribu, nikasema labda kosa ni langu,
labda ni usingizi.
Si usingizi.

Kulwa, tunayepokezana naye zamu, aliniuliza
jazi gani hii isiyo na gitaa,
isiyo na tarumbeta, isiyomwinua mtu kitini?
Kwake jazi ni ukumbi, Jumamosi, soksi nyeupe,
na mwimbaji anayemtaja mfadhili kwa jina.
Nikamwambia hii ni jazi ya mtu aliyebaki
kupanga viti baada ya watu kuondoka.
Akacheka. Akafungua chakula chake.
Lakini redio hakuizima.

Na wale wanne wa nyuzi,
fidla mbili, viola, selo,
hao nawasikiliza saa tisa,
pampu mbili zikiwa zimepumzika
na ya tatu ikilivuta ziwa peke yake kulipeleka vilimani,
ikiguna noti ambayo piano haina,
kati ya kibao cheusi na cheupe.
Piano hugombana nayo. Nyuzi huielewa:
zinateleza kidogo, zinaikuta.

Watu humsifu fidla wa kwanza. Mimi ni mtu wa viola.
Viola ni shangazi wa jikoni msibani:
hakuna anayemtaja kwenye hotuba,
ila asipokuja, wote mtalala na njaa.
Sipendi mwanzo, pale wanapojitambulisha kwa kelele.
Sipendi mwisho unaokimbia kama wenye basi la saa kumi na mbili.
Nipe katikati, sehemu ya polepole,
pale mpiga selo anapovuta pumzi na unaisikia,
pumzi ya kweli, ya pua,
na kiti chake kinalia.
Kiti hicho nakipenda kuliko noti nyingi.

Kaseti ya saba ina kidonda.
Katikati ya sehemu hiyohiyo, viola akitaka kusema jambo,
mtu alibonyeza kitufe miaka hiyo,
na sauti ya mwanamume, yenye Kisukuma kwa mbali, ikaingia:
"Haloo. Haloo. Inashika?"
Kimya. Kuku mmoja.
Kisha wale wanne wanarudi, wamefika mbali,
kama watu uliowaacha kituoni ukawakuta wamekwishazeeka.

Mwaka jana binti yangu Nyanzobe
aliutafuta muziki ule kwenye simu, akaupata mzima.
Akataka kunitajia na jina.
Nikamwambia acha, nisikie kwanza.
Nikasikia alichotaka kusema viola.
Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kifupi
kuliko yale niliyokuwa nikimtungia kwa miaka kumi na minne.
Nikamrudishia simu, nikamshukuru,
na jina sikuliuliza.

Leo makorongo wamelala juu ya paa la mtambo,
geji iko sawa, maji yanapanda Bugando
kwa watakaonawa mikono kabla ya alfajiri.
Naweka ya saba.
"Inashika?" anauliza yule bwana.
Namjibu kama kawaida, nikiandika namba za saa kumi kwenye daftari:
inashika.