Visawe vya Ujuvi

Mwalimu Bituro aliandika ubaoni: UJUVI.
Kesho mlete visawe kumi, na sentensi kwa kila kimoja.
Nikapanda nalo neno hilo hadi kwetu, Mabatini juu,
ambako nyumba zimeng'ang'ania mawe kama kupe,
maji hupanda kwa kichwa cha mtu
na uchafu hushuka wenyewe.

Kamusi sikuihitaji.
Wiki ile mama alikuwa amenunua mlango.

Si nyumba. Mlango.
Mninga mtupu, na fremu yake, kitasa, funguo mbili,
umeng'olewa kwenye jumba lililobomolewa barabara ya Makongoro.
Vijana wanne waliupandisha,
wakipumzika kila jiwe, wakitukana kwa heshima.
Mama akausimamisha kwenye kiwanja kisichoota hata bamia,
ukaegemea jabali.
Ukiufungua, unakutana na jabali.

Mama Kulwa alichungulia juu ya ua wa mabati: kiherehere.
Nikaandika.
Baba mdogo Masalu, ambaye deni lake kwetu lilikuwa limeota ndevu: makuu.
Nikaandika.
Muuza maji alitua ndoo, akasema kimbelembele,
akaomba kuugusa.
Shangazi Holo alikuja na dagaa wake kutoka Kayenze,
akauzunguka mlango mara mbili:
"Huyu anajitia."
Anajitia nini? Hakumalizia.
Kuna vitenzi huachwa wazi makusudi
ili kila mpita njia atupie lake.

Mwenyekiti wa mtaa alisema jeuri.
Akauliza, mwanamke asiye na tofali
anafunga nini, anamfungia nani?
Mwaka huohuo yeye alizindua jiwe la msingi
la ofisi ambayo fedha yake haikuwapo hata kwenye ndoto.
Tulipangwa mstari, tukapiga makofi.
Lile liliitwa uthubutu.
Nalo nikaliandika, namba saba,
ingawa sikuwa na uhakika kama linakaa nyumba moja na mengine.

Jioni mama alikuwa anakaanga mapanki,
mafuta yanamrukia mkononi, hashtuki.
"Mama, wewe unaliitaje?"
"Lipi?"
"La mlango."
Akageuza panki moja, akageuza la pili.
"Nimechukulia tu."
"Umechukulia nini?"
"Kwamba tutaingia."

Mwalimu alikata kwa wino mwekundu:
*Kuchukulia si kisawe cha ujuvi.*
Tisa kwa kumi.

Miaka sita mlango ulisimama peke yake.
Watoto walibisha hodi wakakimbia.
Ngasa, akitoka kilabuni, alibisha kila usiku,
na mama, akiwa ndani ya kile kibanda chetu cha turubai, alimjibu:
"Karibu. Viti hatuna."
Masika yalipouvimbisha aliupaka mafuta yaliyobaki kikaangoni,
ukawa mlango pekee Mwanza nzima
uliopendwa na paka.

Mwaka wa saba ukaja ukuta mmoja.
Kisha mwingine, mfupi, kwa sababu saruji iliishia hapo.
Fundi Malimi alianza kwa kuupima mlango,
ndipo akaipima nyumba,
akicheka, kamba ikimtetemeka mkononi.
Jabali halikung'oka. Tukalifanya ukuta wa nyuma,
mpaka leo hutoa jasho alfajiri
kama mtu aliyesimama pale muda mrefu akisikiliza.

Mama Kulwa siku hizi husema:
"Tulijua tangu zamani."
Sijui nalo nilipe namba ngapi.

Ufunguo wa pili ninao mimi, huku Buhongwa,
kwenye mkebe wa sindano.
Nikienda kumwona sibishi hodi.
Mwezi wa nne mti unavimba, kitasa kinakwama;
unauinua mlango kidogo,
unatia bega.