Ratiba ya Maji

Kiu yangu ilistaafu bila kuniaga.
Mimi niliagwa: saa ya ukutani,
soda mbili na hotuba ya mkuu wa stesheni.
Yenyewe ilitoka kimya kimya, mwaka gani sijui,
ikaniachia kinywa kikavu kisichoomba kitu.

Ndiyo maana Jumanne ile ya mwezi wa kumi,
Isevya nzima ikinuka vumbi na bati la moto,
nilikuwa nafagia uani saa saba mchana
nimevaa koti, koti la reli, vifungo vya shaba,
maana mtu mzima hafagii kifua wazi,
nikaona ukuta unaondoka taratibu kama behewa
na mimi ndiye niliyeachwa.

"Babu, maji umekunywa lini?"
Nyanzala, muuguzi, umri wa mjukuu wangu wa tatu.
"Chai. Asubuhi."
"Nimeuliza maji."
Nikaitazama feni. Haikuzunguka.

Akanivua koti bila kuniomba ruhusa,
akanilaza kitambaa kibichi shingoni,
akasema kama anayesoma simu ya maandishi, neno, nukta:
kidonge cha presha kinakausha, ila usikiache,
njoo kwa daktari tukipime upya;
mwili mkongwe haupigi kengele,
joto linaingia stesheni bila honi.

Sikumwambia kinachonizuia kunywa.
Choo kiko upande wa pili wa ua,
usiku ni giza, na goti la kushoto
lina maneno yake.

Nimeinua na kushusha ishara miaka thelathini na moja
hapa Tabora, reli zinapoachana mikono.
Basi nikachukua kikombe cha bati, kile cha bluu chenye kovu,
nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango:

Saa kumi na mbili na nusu, ya Mwanza. Kikombe kimoja.
Saa tatu, ya Mpanda. Hii inavuta uji.
Saa tano, ya kutoka Dar, imejaa mpaka mlangoni.
Saa sita hadi saa kumi, njia imefungwa:
hakuna kufagia, hakuna sokoni, hakuna msiba wa mtu wa mbali.
Nalala sakafuni kwenye saruji, madirisha wazi,
kikombe karibu na mkono, tikiti maji nikilipata.
Saa kumi na moja, ya Kigoma, ya mwisho kubwa.
Baada ya hapo naonja tu, goti lipate kulala.

Koti liko msumarini. Linanitazama.

Na ukutani tuna ishara, mimi na Bi. Kalunde, jirani:
nagonga mara tatu saa nane, anajibu mara mbili.
Tulianza baada ya Kapalata.
Kapalata alijifungia mwaka jana kwa kuogopa wezi,
bati juu, dirisha limekomewa,
na tulipovunja mlango jioni
wezi walikuwa hawajaja.

Jana niligonga mara tatu.
Nikagonga tena.
Nikatoka na njia imefungwa, mwavuli mkononi, kaptula,
miguu yangu myembamba mbele ya mtaa mzima.

Alikuwa kitini, uso mwekundu, mkavu,
ananiita kwa jina la marehemu mumewe.
Nikafungua dirisha, nikalowesha kanga mbili,
moja shingoni, moja miguuni, nikampepea kwa sinia,
nikamtuma mtoto wa pili yake ambebe bodaboda
amlete Nyanzala, mbio, hata akiwa anakula.

Leo karudi. Sauti yake imerudi kabla yake:
analalamika nililowesha kanga ya harusi ya Rehema,
tena ile ya kijani.

Wingu limesimama upande wa Urambo tangu asubuhi,
halisogei, kama treni ya mizigo isiyo na dereva.
Saa nane.
Nagonga mara tatu.
Anajibu mara nne, kwa hasira,
na nasikia, ukutani, kikombe kinagusa ndoo.